Kilio, hesabu na majina: maneno yetu mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa Kinkondja



Walimu wa historia na wa sivisime njo walitutafuta. Walitaka tuseme nao juu ya kazi moja wanayofikiri kufanya darasani: wanafunzi wachunguze mambo ya kilio, yaani gisi tunazika, pesa inatoka wapi, inaenda wapi, na gisi tunakumbuka wafu wetu. Habari hiyo ilipotoka, kuna wazazi waliokasirika. Walisema: kufundisha mtoto mambo ya kifo ni kuita kifo nyumbani. Tunawajibu kwa heshima, juu wengi wao wako hapa.

Wazazi wetu, mtoto wa Kinkondja anajua kilio tangu akiwa mgongoni. Pakiwa kilio, nani anachota mayi? Nani anatafuta kuni, anasafisha sahani, anachunga watoto wadogo wa wageni? Nani anakosa masomo siku tatu, siku nne, kiisha anarudi na kuambiwa interro ilipita? Mtoto yuko ndani ya kilio kwa mikono yake yote. Kitu ambacho hana ni ruhusa ya kuuliza. Kazi ya walimu itampa ile ruhusa, na itampa pia namna ya kuuliza bila kukosea mtu heshima.

Sasa tuanze na hapa hapa, kando ya ziwa.

Watu wengi wakisikia neno historia wanafikiri Ulaya au Misri. Lakini Sanga iko hapa, kwenye ziwa Kisale. Mwaka 1957 Mbelgiji mmoja, Jacques Nenquin, alichimba pale. Mwaka 1958 kazi iliendelea pamoja na Jean Hiernaux. Kiisha, katika miaka ya 1970, Pierre de Maret alirudi Sanga na akachimba fasi zingine za bonde letu la Upemba, kama Katongo na Kamilamba. Walikuta nini? Makaburi. Sanga peke yake walifungua zaidi ya mia moja. Yale ya wakati waliouita Kisalian, kwa jina la ziwa letu, ni ya karibu karne ya 8 mpaka ya 13. Baadaye kuna wakati wa Kabambian, kwa jina la ziwa Kabamba, mpaka karibu karne ya 18. Kusini kwa jangwa la Sahara, ni fasi chache sana ambapo mtu anaweza kufuata maisha ya watu wamoja kwa miaka mingi namna ile, na hapa ni makaburi njo yalitufungulia ile njia.

Ndani ya makaburi kuna vyungu, ndoano za samaki, mikuki, shanga, bangili za shaba. Kaburi moja lina vyungu vichache, lingine vimejaa. Kuna kitu kimoja ambacho kinagusa roho kila mara tunakisoma: vyungu vya kaburi la mtoto ni vidogo, na vinakua kufuatana na umri wa yule aliyezikwa. Mtu fulani, karibu miaka elfu moja iliyopita, alikaa chini akafinyanga chungu kidogo juu ya mtoto aliyekufa. Msiseme kwamba watu wa zamani walizoea kufiwa na watoto.

Na shaba? Shaba haitoki hapa. Inatoka kusini, mbali, siku nyingi za kutembea. Lakini wafu wa hapa walizikwa nayo. Wakati wa Kabambian tunaona misalaba midogo ya shaba, imewekwa kifuani au karibu na mikono ya mufu. Wachimbaji walitambua kwamba mwanzoni misalaba ilikuwa mikubwa na michache, baadaye ikawa midogo, mingi, na ya kipimo kimoja. Ikawa pesa. Kwa hiyo, mwanafunzi akikuuliza "pesa iliingia lini ndani ya kilio chetu?", umwambie: zamani sana, mbele ya Mzungu, mbele ya franka. Wale wanaosema kwamba gharama ya kilio ni ugonjwa wa siku hizi hawajaenda Sanga. Tena utofauti wa tajiri na maskini ulikuwa umeshaingia kaburini. Katika kaburi moja la bonde hili walikuta shoka la heshima lenye misumari kwenye mpini, pamoja na fuawe ya chuma, vitu ambavyo karne nyingi baadaye vilikuwa bado alama za mulopwe kwa Waluba.

Kazi ya kwanza ya darasani iko wazi basi. Wanafunzi wachore kaburi moja la Sanga, kiisha wajiulize: kama mtu angefungua kaburi la leo, angejua nini juu yetu? Angekuta nini cha shaba? Msumari wa sanduku? Simu? Lakini tunaomba kitu kimoja kwa nguvu: hakuna mwanafunzi atakayeenda kuchimba. Tunajua kuna watu wanaochimba usiku na kuuza misalaba ile kwa wapita njia. Msalaba ukitoka ardhini bila kuandika ulikuwa karibu na nani, unakuwa kipande cha shaba tu. Na yule aliyezikwa nao amekufa mara ya pili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa njo kuna maumivu.

Tulijaribu kazi hii mbele na kikundi kidogo cha wanafunzi wakubwa. Tuliwaomba kila mmoja achague kilio kimoja cha jamaa yake ambacho kimeshakwisha, apate ruhusa ya wakubwa, kiisha aandike kila kitu kilichonunuliwa. Kila kitu. Mbao na misumari ya sanduku. Kitambaa cheupe. Unga wa bukari, samaki, mafuta, chumvi, makala. Munkoyo, na lutuku ambayo hakuna mtu anayekubali kwamba ilinunuliwa. Mafuta ya jenereta na kodi ya baffle. Kukodi turubai. Bwato la kuleta wajomba kutoka Bukama au Malemba-Nkulu, na kuwarudisha. Vikwembe vya namna moja juu ya wamama wa familia. Halafu, baada ya wiki au miezi, siku ya kumaliza kilio, na orodha inaanza tena kutoka juu.

Ubao ulijaa. Mwalimu alipanguza upande mmoja tukaendelea.

Hatutasema hapa ni franka ngapi, hiyo ni siri ya kila familia na tuliahidi. Lakini msichana mmoja alifanya kitu ambacho hatukumwomba. Pembeni ya orodha yake aliandika orodha ya pili: pesa iliyotoka wakati mgonjwa alikuwa bado mzima. Seromu, vidonge, bwato la kumpeleka hospitali. Orodha ile ilikuwa na mistari minne. Akasema kwa sauti ya chini: "Wakati wa ugonjwa tuliambiwa pesa hakuna. Wakati wa kilio, kwa siku mbili, pesa ilionekana." Darasa lilinyamaza. Kila mmoja alikuwa amekumbuka mtu wake.

Ni vyepesi kusimama hapa na kulaumu wazee. Hatutafanya vile, na walimu wasifanye vile. Mambo haya yana sababu zake na wanafunzi wanapaswa kuzikuta. Ugonjwa ni jambo la nyumba, kilio ni jambo la watu wote. Mgonjwa anaweza kupona peke yake, kwa hiyo kila mtu anangoja kidogo. Mufu hangoji, tena hapa kwetu hakuna barafu ya kumuweka. Mchango wa kilio ni akiba pia. Mtu anayetoa leo kikombe cha unga anajua kwamba siku yake ikifika, wengine watakuja na vikombe vyao. Mtu asiyetoa atazikwa na nani? Katika nchi ambapo benki iko mbali na serikali haioni mjane, kilio njo asiransi yetu. Tukiivunja bila kuweka kitu kingine, tutakuwa tumefanya ubaya.

Kwa hiyo swali letu si tu "ni mingi ao ni kidogo". Swali ni: nani aliamua, nani alilipa, na nani aliona hesabu? Wanafunzi walikuta kwamba mara nyingi aliyeamua ni mtu aliyefika kwa bwato siku ya pili, akasema kwa sauti kubwa "kaka yangu hawezi kuzikwa kama mbwa", kiisha akarudi kwake. Aliyelipa ni mjane na watoto. Deni la turubai, deni la unga, deni la jenereta, yote yanabaki pale nyumbani. Na mwezi wa kwanza wa deni ni mwezi ambapo mtoto mmoja anaacha shule. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali hailipwi, kama vile Katiba ya 2006 iliamuru katika kifungu cha 43. Lakini sekondari inalipwa. Na katika nyumba yenye deni la kilio, jina la kwanza kukatwa ni la msichana.

Sisi kama harakati ya raia, kazi yetu ya kila siku ni kudai hesabu. Tunamuuliza gavana pale Kamina pesa ya barabara iko wapi. Tunauliza pesa ya bomba la mayi. Sasa tutadai vipi hesabu ya serikali na hesabu ya kilio inafichwa ndani ya mfuko wa mtu mmoja? Tunapendekeza kitu kidogo: kila kilio kiwe na daftari, na waandishi wawili, mmoja wa upande wa mume, mwingine wa upande wa mke. Kila mchango uandikwe, kila matumizi yaandikwe, na mbele ya watu kuachana daftari lisomwe kwa sauti. Wanafunzi wanajua kuandika na kujumlisha. Kazi hii wanaiweza. Kuna familia zilizoanza, na tuliona kwamba lutuku inapungua yenyewe mara tu inapojulikana kwamba itasomwa.

Jambo la tatu ni la sheria, na hapa walimu wa sivisime wana kazi mingi.

Mnajua maneno haya: "Mama, usiguse kintu. Nyumba ni ya kaka yetu." Yanasemwa hata mbele ya kaburi kufungwa. Nyavu zinaondoka, bwato linaondoka, mashine ya kushona inaondoka, na mtu akiuliza anaambiwa ni desturi. Lakini nchi ina Kodi ya Familia, ile sheria ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016. Inasema wazi: watoto wa marehemu njo warithi wa kwanza, na wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki inagawanywa kati ya makundi matatu: mjane ao mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Wajomba na mashangazi wako nyuma, na wale wa mbele wakiwapo hawapati kitu. Zaidi ya hiyo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vyake.

Darasani, msisome vifungu tu. Fanyeni mchezo. Mwanafunzi mmoja awe mjane, mwingine ndugu wa marehemu, mwingine mtoto, mwingine mkubwa wa kijiji. Wapewe mali: nyavu tatu, bwato moja, nyumba, mbuzi wanne. Wagawe kwanza gisi walivyoona ikifanyika. Kiisha wagawe kwa sheria. Tulifanya mara moja, na kijana aliyecheza ndugu wa marehemu alichukua bwato bila hata kuambiwa. Wote walicheka, kiisha mmoja akasema "ni vile vile babu mdogo alifanya", na kicheko kikaisha. Walimu, mjitayarishe: katika kila darasa kuna yatima ambaye jambo hili lilimfikia. Asilazimishwe kusema. Akitaka kutoka nje, atoke.

Na kuhusu ile desturi ya kumlazimisha mjane apite kwa ndugu ya marehemu ndipo aitwe safi: hatutazunguka. Hakuna heshima ya mufu inayopita katika mwili wa mwanamke asiyekubali. Kuna familia zilizobadilisha ile kwa maombi, kwa kunyolewa nywele ao kuoga tu, na hakuna mufu aliyerudi kulalamika.

Kolera tutaisema kwa ufupi, juu watu wa afya wanajua kuliko sisi. Zoni yetu ya afya ni kati ya zile ambazo kolera inarudia bila kuchoka. Maziwa haya ni njia yake. Mwili wa mtu aliyekufa na kolera unaweza kuambukiza. Wale wanaoosha maiti kiisha wanapika bukari ya watu mia, bila sabuni wala klore, wanaweza kufanya kilio kimoja kizae vilio vitano. Mwaka 2020, wakati wa Covid, serikali ilikataza kukesha, ikaamuru mufu apelekwe kwa kaburi moja kwa moja na watu wachache. Wengi waliumia, na hatutaki hali ile irudi. Lakini ilituonyesha kwamba desturi inaweza kubadilika kwa wiki moja kama watu wanaelezwa sababu. Juu ya kolera tunaomba machache zaidi: mayi yenye klore kwenye mlango wa kilio, waoshaji wasipike, na walioshika mwili wafundishwe na kituo cha afya.

Sasa kumbukumbu. Hapa tutakaa kidogo.

Waluba hawakungoja karatasi ili kukumbuka. Walikuwa na lukasa, ule ubao wa mkono wenye shanga na misumari, na watu wa Mbudye waliojifunza miaka mingi kuusoma kwa vidole: wafalme, safari, fasi takatifu. Mulopwe akifa, makao yake yalibaki kuwa kitenta, mji wa roho yake, na mwanamke aliyeitwa Mwadi alikaa pale kama mtu aliyebeba ile roho. Yaani mfalme aliyekufa aliendelea kuwa na anwani, na anwani ile ilichungwa na mwanamke. Wanafunzi wakiuliza wanawake walikuwa na kazi gani katika ufalme, waanze hapo.

Lakini wale wasiokuwa wafalme? Na wale ambao mwili wao haukupatikana?

Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, katika Katanga hii yetu, karibu na Shilatembo, na mwili wake uliharibiwa kwa asidi. Kilichobaki ni jino moja, lililochukuliwa na polisi wa Kibelgiji. Tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2022 Ubelgiji ulilirudisha kwa watoto wake, likazungushwa katika nchi, likafika hata Shilatembo, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi ule. Miaka 61 kungoja kuzika jino. Taifa lote lilielewa juu ya nini ile familia haikuweza kuacha.

Basi na familia zetu zisiachwe. Katika jimbo hili kuna wazee wanaokumbuka vita vya 1960 na 1961, wakati vijiji vya Waluba vilichomwa na wengi walikimbia. Kuna wamama, wako hapa mbele yetu, wanaokumbuka miaka ya Mai-Mai na ya askari, ule upande wa Manono, Mitwaba na Pweto tuliouita pembetatu ya kifo. Watu walikimbilia maziwani. Wengine walikufa juu ya visiwa vya matete na hakukuwa hata mkeka wa kuwafunika. Gédéon Kyungu Mutanga alihukumiwa mwaka 2009 pale Kipushi kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na mwaka 2011 akatoroka gerezani Lubumbashi. Wale waliokufa, majina yao yako wapi? Hakuna orodha pale Kamina. Hakuna kibao. Na pia wale wanaozama kila mwaka na mabwato yaliyojaa kupita kiasi: tunasikia "watu wengi wamekufa", kiisha wiki inayofuata bwato lingine linajazwa vile vile.

Kazi ya mwisho tunayopendekeza ni hii. Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja wa jamaa, nkambo wake kama yuko, na amwombe majina ya wafu ambao hawakuzikwa. Aandike jina lote, jina la baba na la mama, kijiji, kazi yake, alikuwa anapenda nini, alionekana mara ya mwisho wapi. Asiandike nani alimuua. Hilo ni jambo la mahakama, na mtoto asibebe siri inayoweza kumletea hatari. Mzee akikataa kusema, mwanafunzi ashukuru na aondoke. Mzee akilia, akae naye. Hakuna pointi kwa kazi hii. Tumelisisitiza kwa walimu: haiwezekani kumpa mtoto 6 juu ya 10 kwa kumbukumbu ya babu yake.

Daftari tumeleta, si mengi, moja kwa kila darasa. Litakaa shuleni, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo mmoja kwa mkubwa wa shule, mwingine kwa komite ya wazazi. Kama familia inataka jina la mtu wake lisomwe mbele ya watu, itasema. Kama haitaki, litabaki pale.

Kwa safari ya Sanga, wakubwa wa kijiji wako hapa na tunawaomba mbele ya wote watupe ruhusa na mtu wa kutuongoza. Mabwato yawe na watu wachache, na kila mtoto avae jile. Mzazi asiyetaka mtoto wake aende, asaini karatasi ile ile kwa kuandika hapana, na hakuna atakayemuuliza sababu.

Sasa tunangoja maswali. Tuanze na wazazi waliokasirika.